Fuata Majina, Utaipata Bendi

Ukiandika Salum Abdallah kwenye kisanduku cha kutafutia nyimbo, unaletewa fungu moja. Ukiandika Salim Abdullah linakuja fungu jingine, na ukiongeza Yazidu huenda zikachomoza nyimbo ambazo hazikuwamo katika mafungu yote mawili. Mtu ni mmoja: mwimbaji na kiongozi wa Cuban Marimba Band ya Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Nyimbo zake ziliingia mtandaoni kwa mikono ya watu wengi. Mmoja alinakili jina kutoka kwenye lebo ya santuri ya Mombasa, mwingine kutoka kwenye kava la CD ya Ujerumani, wa tatu aliandika kama alivyozoea kulitamka. Kompyuta haijui kwamba hao wote wanamzungumzia Salum wa Moro.

Hiyo ni bendi iliyotikisa Afrika Mashariki nzima. Sasa chukua kundi la vijana wanne wa Kihonda, mjini Morogoro, waliorekodi wimbo mwezi uliopita kwenye chumba chenye trei za mayai ukutani, wakaupakia kwa jina la “Wimbo Mpya Final 2”. Wimbo upo, na pengine ni mzuri kuliko mwingine wowote utakaousikia mwaka huu. Njia ya kuufikia ndiyo haipo.

Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba bendi ndogo hupatikana kupitia majina yanayoizunguka: jina la mtunzi, la prodyuza, la lebo, la mtindo, la mji. Msikilizaji anayejua kuyafuata majina hayo atapata muziki ambao simu yake haitampendekezea kamwe. Na bendi inayojua kuyaandika itapatikana hata na mtu asiyewahi kufika Msamvu ya Morogoro.

Mwenye nacho huongezewa

Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni ziko nyingi. Boomplay ilianza mwaka 2015 na imekuwa ikija tayari ndani ya simu za Tecno na ndugu zake. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, hukuruhusu kupakua nyimbo bure na kukuwekea tangazo mwanzoni mwa wimbo. Spotify iliingia rasmi Tanzania Februari 2021. Juu ya hizo kuna YouTube, ambayo kwa Watanzania wengi ndiyo redio, televisheni na duka la kanda kwa pamoja. Zote zina sehemu ya mapendekezo, na watu wengi huishia hapo.

Mapendekezo hayo hutengenezwa kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kulinganisha wasikilizaji. Kama maelfu ya watu wanaompenda mwimbaji Belle 9 wanamsikiliza pia mwimbaji Ben Pol, basi wewe uliyeanza na mmoja utaletewa wa pili. Njia hii ina nguvu sana, lakini inahitaji historia. Wimbo uliosikilizwa na watu kumi na wawili, na saba kati yao ni ndugu wa mpiga besi, hauna cha kulinganishwa nacho. Kwa hiyo haupendekezwi, na kwa kuwa haupendekezwi hausikilizwi.

Njia ya pili ni kuichambua sauti yenyewe: kasi ya mdundo, ala zilizotumika, uzito wa besi, kama kuna mwimbaji au hakuna. Hapa bendi mpya ina nafasi kidogo, kwa sababu wimbo unaweza kuwekwa jirani na nyimbo zinazofanana nao hata kabla haujapata msikilizaji. Njia ya tatu ni wahariri, watu wa kweli wanaopanga orodha za nyimbo. Mhariri wa aina hiyo hupokea mzigo mkubwa wa nyimbo mpya, na mara nyingi huanza kwa kusoma maelezo kabla ya kubonyeza kitufe cha kusikiliza. Wimbo wenye maelezo matupu unaanguka hapo.

Ukubwa wa tatizo unahesabika. Kampuni ya takwimu za muziki ya Luminate ilihesabu nyimbo zipatazo milioni 184 kwenye huduma za mtandaoni mwaka 2023, na kati ya hizo takriban milioni 45 hazikusikilizwa hata mara moja mwaka huo. Humo mna makelele mengi na kazi zisizo na maana. Humo humo mna bendi ambazo ungezipenda.

Moro kama darasa

Morogoro ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii, kwa sababu muziki wake ni mwingi, ni mkubwa, na umetawanyika. Mji kasoro bahari, uliokaa chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa na bendi mbili hasimu ambazo miji mikubwa kuliko wenyewe ilizionea wivu. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilizaliwa katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakati santuri za Kikyuba zilipokuwa zikipigwa kila penye gramafoni. Mashabiki wa huku hawakuwa wa kule.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaifanya kuwa bendi ya gita lake la solo na sauti yake. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuunda Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Baada ya kifo chake, nyimbo zake zilikusanywa Kenya katika mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho. Upande wa Cuban Marimba, Juma Kilaza alishika uongozi baada ya Salum, na baadaye jina lake likaonekana tena na bendi ya TK Lumpopo.

Ukisoma historia hiyo kama mtafutaji, umepewa kamba kadhaa za kuvuta. Wanamuziki wa dansi walikuwa wanahama, na kila anayehama anabeba jina lake. Mtu anayetafuta Morogoro Jazz peke yake atakosa nusu ya kazi ya Mbaraka. Anayetafuta Mbaraka peke yake atakosa nyimbo za Morogoro Jazz zilizopakiwa kwa jina la bendi tu. Na anayetafuta Super Volcano bila neno jingine ataletewa milima ya moto na bendi za kelele za Ulaya.

Jina la wimbo nalo linahitaji msaada. Wimbo mashuhuri wa Mbaraka unaitwa Shida. Ukiandika neno hilo tupu mtandaoni, utazipata shida za kila aina kabla ya kumpata yeye. Ukiweka jina la wimbo, jina la bendi na jina la mji kwa pamoja, uwanja unapungua ghafla. Jaribu pia tahajia zaidi ya moja: Mwinshehe, Mwishehe, Mwinyishehe. Kazi inachosha kidogo, lakini waliosema mtafutaji hachoki hawakusema hapumziki.

Kuna kamba nyingine ambayo muziki wa dansi wa Tanzania pekee ndio ulio nayo kwa wingi huu, nayo ni mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake uliopewa jina, na jina hilo lilitajwa jukwaani, redioni, mara nyingine hata kwenye lebo. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Mlimani Park wakaja na Sikinde, na Morogoro Jazz walijulikana kwa Sululu. Mtu aliyesahau jina la bendi alikumbuka mtindo, na wengi waliopakia nyimbo hizo wameandika mtindo kwenye kichwa cha video. Andika jina la mtindo, weka na neno zilipendwa, utashangaa nani anachungulia kutoka nyuma ya bendi kubwa.

Kumbuka pia umbo la santuri. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba takriban dakika tatu hadi nne kila upande, wakati wimbo wa dansi ulihitaji sita au saba ili magita yapate nafasi ya kuchezana. Kwa hiyo wimbo ulikatwa: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili chemko. Aliyenakili upande mmoja tu amepakia nusu ya wimbo. Ukisikia wimbo wa miaka hiyo unafifia pale pale unapoanza kunoga, usimlaumu mpiga gita. Tafuta sehemu ya pili, ambayo pengine imo kwenye chaneli ya mtu mwingine kabisa.

Na wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi mbili. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo bendi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, na zikasafiri kwenda Kenya kurekodi kwa ajili ya santuri. Kanda za redio na santuri za Nairobi au Mombasa ni hazina mbili tofauti. Kama toleo ulilolipata halifanani na lile lililokuwa likipigwa redioni nyumbani kwenu, yawezekana masikio yako yako sawa.

Lebo, studio, tamasha

Mashine hukupa msanii baada ya msanii. Mtafutaji mzoefu hutoka kwa msanii akapanda hadi kwa aliyemtoa, kisha akashuka upande wa pili.

Anza na lebo. Nyimbo nyingi za Salum Abdallah zilitolewa na lebo ya Mzuri ya Assanand, wafanyabiashara wa Mombasa. Ukiingia kwenye Discogs, orodha kubwa ya santuri iliyoanza mwaka 2000 na inayojazwa na watumiaji wenyewe, ukaifungua lebo hiyo, utakuta imepangwa kwa namba. Nambari iliyo kabla ya wimbo unaoupenda na ile iliyo baada yake mara nyingi ni kazi za kipindi kile kile, za bendi ambazo hujawahi kuzisikia. Chukua majina hayo, rudi nayo YouTube. Vivyo hivyo kwa wakusanyaji wa leo. Mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Buda Musique ya Ufaransa una toleo zima la muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960, na ndani ya kijitabu chake bendi za miji midogo zinakaa meza moja na zile kubwa za Dar es Salaam.

Kwa muziki wa sasa, nafasi ya lebo imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na prodyuza na studio yake. Muziki wa singeli ulivyovuka mipaka ni mfano mzuri. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso, uliokusanya kazi za studio moja ya Mburahati, Dar es Salaam. Msikilizaji wa Berlin au Tokyo hakuhitaji kumjua msanii hata mmoja. Alilijua jina la studio, na studio ikamfungulia mlango wa vijana wote waliopita humo. Ukikuta wimbo wa msanii chipukizi wa Moro unaokugusa, tafuta jina la prodyuza aliyeutengeneza. Mara nyingi hutajwa mwanzoni mwa wimbo kwa sauti, na kama hakutajwa, yumo kwenye maelezo ya video. Litafute jina hilo peke yake. Utakuta maandagraundi kumi wengine waliopita kwa mtu huyo huyo.

Matamasha nayo ni orodha zilizokwisha kuchujwa na masikio ya watu wazoefu. Sauti za Busara ya Zanzibar imekuwapo tangu 2004, na kila mwaka hutangaza majina ya watakaopanda jukwaani. Wengi hutazama jina kubwa la juu kabisa, nawe soma majina ya chini. Wamwiduka Band, kundi la Mbeya linalopiga babatoni na magita ya kujitengenezea, limewahi kupita kwenye jukwaa hilo. Orodha za miaka iliyopita bado zinapatikana, na kila jina ni kazi ya jioni moja.

Halafu kuna redio za nyumbani. Morogoro ina Abood FM, Planet FM, SUA FM ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Radio Ukweli ya Kanisa Katoliki. Kabla msanii wa Moro hajapigwa Dar, kuna mtangazaji mmoja wa Moro aliyempa nafasi usiku. Andika jina la kipindi na saa, kisha mtumie ujumbe mtangazaji umuulize. Ujumbe kama huo hujibiwa haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu mtangazaji wa usiku hufurahi kujua kuna aliyesikia.

Hata wale waliokwisha kujulikana ni ngazi. Afande Sele, Stamina na Belle 9 wote ni wa Moro. Wasikilize wakishirikishwa kwenye nyimbo za watu usiowajua. Msanii mkubwa anayekubali kuimba kiitikio cha kijana wa mtaani kwake anakuonyesha jambo ambalo hakuna orodha ya mashine itakayokuonyesha.

Muziki wa memori kadi

Si kila wimbo unasafiri kwa mtandao. Juu ya kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna milingoti ya mawasiliano inayoonekana kutoka mjini. Lakini mawimbi ya simu huenda karibu na mstari ulionyooka, na Uluguru ni milima ya migongo na mabonde. Kijiji kinaweza kuuona mlingoti wa mbali na jirani yake aliyeko nyuma ya mgongo wa mlima akakosa hata alama moja ya mtandao. Na hata penye mtandao, bando lina bei yake. Ndiyo maana kwa watu wengi wa Kinole, Matombo au Mgeta, muziki husafiri ndani ya memori kadi. Mtu anashuka na ndizi au mboga hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu, anapita kwenye kibanda cha kuweka nyimbo, anarudi na mia mbili mpya. Kijijini zinagawanywa kwa simu, mkono kwa mkono.

Njia hii inafikisha muziki kule ambako huduma kubwa hazifiki, na wakati huo huo inaua majina. Wimbo ulioitwa kwa jina la bendi unafika kijijini ukiitwa “Audio 0043”, au ukiwa na tangazo la tovuti iliyouiba mahali palipopaswa kukaa jina la mwimbaji. Watu wanaujua kila neno, wanaucheza harusini, na hawajui umeimbwa na nani.

Kazi ya kurudisha jina inawezekana, na mfano wake bora unatoka Afrika Magharibi. Miaka ya mwisho ya 2000, Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo zilizokuwa zikizunguka kwenye memori kadi za Kidal, kaskazini mwa Mali. Nyingi hazikuwa na majina. Alianzisha lebo ya Sahel Sounds, akaanza kuwasaka wenye nyimbo mmoja mmoja ili awaombe ruhusa na kuwalipa. Wimbo mmoja wa gita, uliokuwa na sauti iliyopitishwa kwenye kirekebisha sauti kwa mtindo wa Nigeria, ulimfikisha kwa kijana wa Niger aitwaye Mdou Moctar. Leo Mdou Moctar anazunguka dunia na bendi yake, na mwaka 2021 albamu yake Afrique Victime ilitolewa na Matador, lebo kubwa ya bendi zinazojitegemea ya Marekani. Kipaji kilikuwapo tangu mwanzo, ndani ya simu za watu wa Sahara. Kilichoongezeka ni mtu aliyeuliza: huyu nani?

Programu za kutambua nyimbo husaidia, mradi ujue mipaka yake. Shazam, iliyoanza Uingereza mwaka 2002 kwa watu kupiga namba ya simu, huigeuza sauti kuwa picha ya masafa kwa wakati, huchukua vilele vyake vyenye nguvu, kisha huilinganisha ramani hiyo ya vilele na zilizo kwenye hazina yake. Inatambua rekodi, haitambui wimbo. Bendi ikiupiga Shida mbele yako baa, Shazam haitajua, kwa sababu vilele vya magita ya leo si vilele vya santuri. Na kama rekodi haijawahi kusajiliwa popote, haitapatikana hata ukiirudia mara mia. Hapo dawa ni ile ya zamani: andika mstari mmoja wa mashairi unaoukumbuka, utafute ukiwa ndani ya alama za kunukuu, au muulize dereva wa daladala anayeupiga.

Ukishaipata, fanya nini

Kuipata bendi ni nusu ya kazi, kwa sababu unachofanya baada ya hapo ndicho kinachoamua kama msikilizaji mwingine ataipata. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili iliyopita. Kwa nyota wa Dar hiyo ni kazi ya dakika. Kwa bendi ya Kihonda inaweza kuwa mwaka mzima. Kwa hiyo msikilizaji mmoja anayeuhifadhi wimbo kwenye orodha yake na kuurudia ana uzito kwa bendi ndogo kuliko anavyojua.

Kama bendi iko Bandcamp, jukwaa lililofunguliwa mwaka 2008 ambako msikilizaji hununua wimbo moja kwa moja, jukwaa hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, na baada ya gharama za malipo sehemu kubwa ya pesa inamwendea msanii. Hapo pia unaweza kutafuta kwa jina la mahali: bonyeza Tanzania, kisha shuka chini kabisa, ambako hakuna mtu. Tatizo ni kwamba wasanii wetu wengi hawapo huko, kwa kuwa kulipwa kunategemea akaunti za malipo za nje. Kwa hao, msaada wako ni kusikiliza, kutoa maoni yenye jina la wimbo, na kumtumia mwenzako kiungo chenyewe badala ya faili lililopoteza jina.

Na unapopakia wimbo wa zamani kutoka kwenye kanda ya mzee wako, fikiri mara mbili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mwenye rekodi, na familia za wanamuziki wengi wa Moro bado zipo. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo mahali pa kuulizia. Hata pale unapoonyesha picha ya lebo tu ili watu wajue rekodi ipo, piga picha iliyo wazi, pande zote mbili, na namba isomeke. Picha hiyo moja inaweza kumaliza ubishi wa miaka.

Kwa bendi zenyewe

Nimalizie kwa wale wanaotafutwa. Kila rekodi inayoingia kwenye huduma kubwa hupewa namba ya kimataifa iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za aliyesajili, mbili za mwaka na tano za rekodi yenyewe. Kwa rekodi, namba hiyo ni kama namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, kwa raia. Kampuni za usambazaji wa kidijitali kama DistroKid au TuneCore huitoa unapopakia kazi. Rekodi ileile ikipakiwa tena kupitia kampuni nyingine, ni lazima ibebe namba ileile ya zamani, la sivyo hesabu ya wasikilizaji wako inagawanyika mara mbili. Ukirekodi upya, hiyo ni rekodi nyingine na inastahili namba mpya.

Kabla hujapakia, tafuta jina la bendi yako mtandaoni. Kama kuna bendi ya Brazili inayoitwa hivyo hivyo, nyimbo zenu zitachanganywa kwenye ukurasa mmoja na mapato yanaweza kwenda kusikotakiwa. Chagua jina ambalo mtu anaweza kuliandika baada ya kulisikia mara moja, na uliandike namna moja kila mahali, kuanzia kwenye bango hadi kwenye fomu ya COSOTA. Andika jina kamili la mtunzi, la prodyuza, la kila mpigaji na ala yake, mwaka, na studio ilipo. Andika Morogoro. Msiandike Tanzania peke yake, kwani anayependa Cuban Marimba akiwa Osaka au Muscat atautafuta mji.

Na mkakubaliane kwenye karatasi, siku ile ile ya kurekodi, nani ametunga nini na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Bendi huvunjika, kama Morogoro Jazz ilivyompoteza Mbaraka mwaka 1973. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwezesha yeyote atakayekuja kuwatafuta awakute wote, kila mtu na jina lake, na amlipe anayestahili.